Kibao Shingoni na Wanaokisifu

Imekuwa ada katika mji wetu wa Mbarara, kila ufikapo mwezi wa Desemba, wanafunzi wa zamani wa shule ndogo ndogo za kulipia kukutana, kula nyama, na kukumbushana yaliyopita. Hilo ni jambo jema, nasi hatuna ugomvi na nyama wala na kumbukumbu. Ugomvi wetu ni juu ya fundisho linalotolewa katika kumbukumbu hizo, ambalo sasa limetoka karamuni likaingia katika vikao vya kamati za shule, na, la kusikitisha zaidi, katika vikao vya walimu wa Kiswahili. Fundisho lenyewe ni hili: kwamba kibao na kiboko ndivyo vilivyowafunza watu lugha, na kwamba mtoto wa leo hajui lugha yoyote sawasawa kwa sababu haadhibiwi vya kutosha. Tunaandika kulipinga, na tunaandika kutoka Ruharo, mahali ambapo limestawi.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Ruharo ni kilima kilicho kando ya barabara itokayo Mbarara kwenda Bushenyi. Juu yake pana Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo, pana hospitali ya misheni inayosifika kwa tiba ya macho, na pana Mbarara High School, iliyoanzishwa mwaka 1911. Kwa hiyo elimu ya Kiingereza ina mizizi mirefu hapa. Lakini hatuizungumzii shule hiyo kongwe. Tunazizungumzia zile ndogo zilizochipuka pembeni, katika nyumba za kupanga na mabanda ya mabati. Baadhi zilikuwapo tangu zamani. Nyingi zilizaliwa baada ya mwaka 1997, serikali ya Uganda ilipofuta karo ya shule za msingi, madarasa yakafurika, na wazazi wenye chochote mfukoni wakawahamisha watoto wao. Sisi tulisoma katika shule ya namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980. Jina lake hatutalitaja, maana haikuwa mbaya kuliko jirani zake. Ilikuwa na madarasa saba, choo cha shimo, rimu ya lori iliyofanywa kengele, na sheria moja iliyozishinda zote: ukishapita langoni ni Kiingereza, hadi utoke.

Sheria hiyo ililindwa na kibao. Kilikuwa kipande cha mbao chenye ukubwa wa daftari, kimetobolewa matundu mawili na kupitishwa kamba ya katani. Kwingine kilikuwa fuvu la ng'ombe, kwingine gunia, kwingine kifuniko cha debe. Majina nayo ni mengi, wengine hukiita diski, wengine monto, lakini kazi ni ile ile. Asubuhi kiranja alikivisha shingo ya kwanza. Aliyekivaa hakuwa na njia ya kukivua ila amsikie mwenzake akitamka neno la Kinyankole, la Kinyarwanda, la Kiganda au la Kiswahili, ndipo amvishe yeye. Jioni, paredini, aliyekuwa nacho alimtaja aliyempa, na huyo akamtaja aliyemtangulia, hata mnyororo mzima ukasimama mbele ya mwalimu mkuu, na fimbo ikafanya kazi kwa kufuata mnyororo.

Wanaposimulia hayo leo, wanafunzi wa zamani hucheka sana. Nasi hucheka, maana yapo ya kuchekesha. Wapo waliokuwa wakisema kwa Kiingereza sentensi tatu walizozikariri, wakizizungusha tangu asubuhi hadi jioni kama mtu azungushaye mawe ya kusagia yasiyo na mtama. Wapo waliojifanya mabubu kila Jumatano kwa sababu kiranja wa Jumatano alikuwa na masikio makali. Lakini yako mengine ambayo huchekewa, nasi hatuoni kichekesho chake. Mmoja husimulia jinsi alivyojikojolea katika darasa la pili kwa kuwa hakuyajua maneno ya Kiingereza ya kuomba ruhusa, na kuyasema kwa lugha ya mama yake kungemletea kibao. Mwingine, ambaye leo ni mtu wa heshima, husimulia ujanja wake wa saa kumi jioni: alipoona paredi inakaribia na kibao bado kinamning'inia, alikwenda katika darasa la kwanza, akamfinya mtoto mdogo. Mtoto alimlilia mama yake kwa Kinyankole, kama mtoto yeyote aliavyo, na kibao kikapata shingo mpya.

Tunawaomba wasomaji watue hapo kidogo, kwa sababu katika kisa hicho kimoja umo mtaala wote wa kibao. Mtoto mkubwa alijifunza nini siku ile? Hakuongeza neno hata moja la Kiingereza. Alijifunza kwamba maumivu yake yaweza kuhamishwa, na kwamba wa kuhamishiwa ni mdogo kuliko yeye. Na yule mdogo alijifunza kwamba hata kilio kina lugha ya halali na lugha ya haramu. Hayo ni masomo, hatukatai, na yalifundishwa kwa ustadi mkubwa, wala hakuna aliyeyasahau baada ya miaka thelathini na zaidi. Ila mtu asituambie kuwa ni somo la lugha.

Mwalimu yeyote wa lugha anajua, hata kama hakuwahi kufungua kitabu cha mbinu za ufundishaji, kwamba mwanafunzi hupata lugha mpya kwa kuisema vibaya mara nyingi mbele ya mtu asiyemdhihaki. Hukosea, husikia, hujaribu tena. Kibao huizuia kazi hiyo mwanzoni kabisa, kwa maana humfanya mwanafunzi asiseme. Shule yetu ilisifiwa mjini kwa ukimya wake. Wageni walipopita walisema, "Tazama nidhamu!" Ulikuwa ukimya wa watoto mia mbili wasiokuwa na la kusema katika lugha waliyoruhusiwa, na waliokatazwa kusema katika lugha walizokuwa na la kusema. Kiingereza tulichokuja kukipata baadaye, wengi wetu tulikipata kwa vitabu vya hadithi vilivyochakaa, kwa redio, na kwa mwalimu mmoja au wawili waliokuwa wakifunga mlango wa darasa na kutuacha tubwabwaje.

Lakini hoja kubwa tunayotaka kuiweka mbele ya wasifu wa kibao ni hii: tazameni nani anayesimulia. Anayekuja katika karamu ya Desemba ni yule aliyefaulu. Ana gari au walau nauli, ana kazi ya kuitaja anapojitambulisha, ana Kiingereza cha kutolea hotuba. Husimama akasema, "Tulichapwa, na tazameni tulivyo leo." Naye husema kweli kwa upande wake. Ila aliyeondoka darasa la nne kwa kushindwa na Kiingereza haalikwi. Aliyefukuzwa kwa karo katikati ya muhula haalikwi. Msichana aliyeacha kunyosha mkono, kisha akaacha kuja shule, akaolewa, hajui hata kuwa karamu ipo. Kuwauliza waliofaulu kama kiboko kilifaa ni sawa na kuwauliza waliovuka mto kwa kuogelea kama mto ule una mamba.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, aliyefariki Mei 2025, aliyaandika mambo haya katika Decolonising the Mind, kitabu kilichotoka mwaka 1986. Wengi hukitaja kitabu hicho kwa ajili ya habari za kibao, na kwa hakika zimo: kile kifungo kilichopitishwa toka mtoto hadi mtoto, na viboko, na bamba la chuma lenye maandishi ya kumtukana aliyelivaa. Sisi tungependa wasomaji wakumbuke zaidi kisa kifupi kilichomo humo, ambacho hutajwa mara chache. Katika darasa lake la mwaka 1954 palikuwa na mvulana aliyepata alama za juu kabisa katika masomo yote isipokuwa Kiingereza, ambacho alishindwa. Kwa kushindwa hicho kimoja alihesabiwa kuwa ameshindwa mtihani mzima, akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe, aliyekuwa na alama za kawaida tu katika masomo mengine lakini nzuri katika Kiingereza, akachukuliwa Alliance High School. Ngũgĩ akawa mwandishi ajulikanaye duniani, akaandika kumbukumbu zake. Utingo hakuandika. Ingekuwa rahisi sana kwa Ngũgĩ kusimama katika karamu ya wanafunzi wa zamani na kusema, "Tazameni nilivyo leo." Heshima yake kwetu ni kwamba alimtazama utingo.

Wenzetu hudhani pia kwamba kibao ni hekima ya Waingereza, na kwamba anayekipinga anapinga ustaarabu. Basi na tuwafuate Waingereza hadi kwao. Katika nchi ya Wales, karne ya 19, watoto waliosema Kiwelisi shuleni walivishwa kipande cha ubao chenye herufi W.N.; kilihama shingo kwa shingo, na aliyekutwa nacho mwisho wa siku aliadhibiwa. Taarifa ya serikali ya mwaka 1847 juu ya shule za Wales inakitaja. Katika jimbo la Brittany, Ufaransa, watoto wa Kibretoni walifanyiwa vivyo hivyo. Kwa hiyo chombo hiki hakikubuniwa kwa ajili yetu, ni mtumba. Wenyewe walikwisha kukitupa. Kiwelisi leo ni lugha rasmi ya Wales kwa sheria ya mwaka 2011, na hufundishwa katika shule zao za serikali kwa lazima. Na fimbo yenyewe, ile ambayo wamiliki wa shule zetu huinua kama fimbo ya enzi ya elimu ya Kiingereza, imepigwa marufuku katika shule za serikali za Uingereza tangu mwaka 1987, na katika shule za kulipia za England na Wales tangu mwaka 1999.

Hata juu ya kumbukumbu za shule kali Waingereza wametutangulia kugombana. Mwandishi George Orwell aliingia shule ndogo ya bweni ya St Cyprian's, katika mji wa Eastbourne, mwaka 1911, mwaka ule ule ambao Mbarara High School ilianzishwa hapa kilimani. Aliandika baadaye juu ya kuchapwa kwa kukojoa kitandani, na juu ya kukumbushwa kwamba alipokewa kwa karo iliyopunguzwa. Insha hiyo ilichapishwa Marekani mwaka 1952, baada ya kufa kwake. Uingereza ilingoja hadi mwaka 1968 kwa kuogopa kesi. Henry Longhurst, aliyesoma shule hiyo hiyo na kuwa mtangazaji mashuhuri wa mchezo wa gofu, alimkumbuka yule mke wa mwalimu mkuu kwa heshima na shukrani. Nani mkweli? Huenda wote wawili. Shule ile ile humtendea mtoto wa karo kamili namna moja, na mtoto wa nusu karo namna nyingine. Wanaojua jinsi majina ya wadaiwa yanavyosomwa paredini hapa Mbarara hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tuteremke kutoka kilimani twende Nakivale, kwa sababu huko ndiko kumbukumbu za Desemba zinakogeuka kuwa madhara ya Februari, shule zinapofunguliwa.

Makazi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ambayo hadi mwaka 2006 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Ni miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi katika Afrika. Leo yana watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo. Wakongo, ambao wengi wao wametoka Kivu, huja na Kiswahili. Sokoni, kanisani, kwenye bomba la maji, kwenye foleni ya chakula, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Mkongo na Mrundi, na mara nyingi na Msomali pia. Mwalimu wa Kiswahili aliyekata tamaa kwa kuona lugha yake haina watu katika Ankole, na apande gari aende Nakivale siku moja.

Lakini angalia yampatayo mtoto. Amefika toka Bukavu au Uvira akiwa na miaka kumi na tatu, amemaliza mwaka wa tano wa shule ya msingi kwa Kifaransa na Kiswahili. Anajua sehemu, anajua desimali, anaweza kuchora moyo wa binadamu na kutaja vyumba vyake vinne. Anapimwa kwa Kiingereza, haambulii kitu, anapelekwa darasa la pili, pengine la kwanza, akakae na watoto wa miaka saba magoti yakigonga dawati. Mtaala wa Uganda wa tangu mwaka 2007 unataka madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya nyumbani. Lakini lugha ya nyumbani ya eneo ni Kinyankole, na mtoto huyu hakijui hicho pia. Mzazi aliye na uchungu huamua kujinyima. Huuza mbuzi, hufua nguo za watu, humpeleka mtoto katika shule ndogo ya kulipia, makazini au hapa mjini, ambayo mwenye nayo, au mwalimu wake mkuu, ni mhitimu wa zile shule za zamani tulizozieleza. Naye huko huanza kwa kile anachoamini kilimfanya mtu. Mtoto wa Bukavu anavishwa kibao kwa kusema Kiswahili.

Yafaa tuseme wazi jinsi jambo hilo lilivyo kioja. Katiba ya Uganda, kwa mabadiliko ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikikubali kuwa lugha yake rasmi pamoja na Kifaransa mwaka 2021, na Kongo yenyewe iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022. Mwezi wa Julai mwaka huo huo baraza la mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Na sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya viboko shuleni. Kwa hiyo mtoto huyo anaadhibiwa, kwa adhabu iliyokatazwa, kwa kosa la kusema lugha iliyoamriwa.

Tunajua jibu litakalotolewa. Tutaambiwa kwamba Kiingereza ndicho mlango wa kazi, na kwamba mzazi hakulipa karo mtoto akaseme Kiswahili ambacho tayari anacho. Hatumcheki mzazi huyo. Ana haki kabisa ya kudai Kiingereza, na shule inayomtoza fedha ina wajibu wa kukifundisha. Sisi wenyewe twala mkate kwa Kiingereza tulichokipata. Tunachosema ni kwamba mtoto anayejua desimali kwa Kiswahili yuko nusu ya njia ya kuzijua kwa Kiingereza. Kinachobaki ni majina. Mwalimu akimwambia, "Hii uliyokuwa ukiiita sehemu, hapa inaitwa hivi," kazi imekwisha kwa dakika mbili. Akimvisha kibao, inaanza upya tangu kujumlisha, na kwa aibu. Huo ni ubadhirifu wa karo ya mzazi, na tungependa kamati za shule ziuone hivyo kama haziwezi kuuona kwa jicho jingine.

Wapo pia Nakivale walimu wa Kikongo waliofundisha miaka mingi huko kwao. Vyeti vyao ni vya Kifaransa, hivyo havitambuliwi kwa urahisi. Wengine hulima vibarua, wenye bahati hupewa kazi ya usaidizi darasani. Hao ndio ngazi iliyo tayari. Shule inayomwacha mtu wa namna hiyo shambani, kisha inanunua kamba ya kutungia kibao, haijui hesabu.

Hadi hapa tumewasema wengine. Sasa tunageuka kwetu, ndugu walimu wa Kiswahili, kwa kuwa jambo lililotufanya tushike kalamu liko miongoni mwetu.

Tangu uamuzi wa mwaka 2022, na hata kabla, tangu mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima katika vidato viwili vya mwanzo, baadhi ya wenzetu wamepata nguvu mpya, nasi tunafurahi nao. Lakini tumewasikia, tena si mmoja wala wawili, wakisema: "Waingereza walitufunza kwa kibao, tukajua. Basi nasi tuwe na siku ya Kiswahili, na atakayesema lugha nyingine siku hiyo avae kibao." Wanakusudia kugeuza maandishi tu. Shingo ni ile ile, kamba ni ile ile, na mtoto mdogo atafinywa vile vile saa kumi jioni, safari hii ili alie kwa lugha isiyo Kiswahili.

Tunawauliza wenzetu hao: mmesahau Kiswahili kilivyopata sifa mbaya katika nchi hii? Gavana Gowers alipotaka kukieneza mwaka 1927, Kabaka Daudi Chwa na maaskofu walikipinga kwa sababu zao, na mwaka 1952 kikaondolewa shuleni. Hiyo ni historia ya makaratasi. Historia inayokaa katika miili ya watu ni nyingine. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kikasikika vinywani mwa askari wake. Vita vya mwaka 1979 vilipita Mbarara mwezi wa Februari na kuuacha mji magofu. Kisha ikaja misako ya miaka ya 1980 ambayo raia waliiita kwa maneno mawili ya Kiswahili, panda gari. Waulizeni wazee wa huku wanajua Kiswahili gani. Watakuambieni: lala chini, toa kitambulisho, funga mdomo. Wanakijua katika hali ya amri tu. Kizazi kizima kilisikia lugha hii bila kusikia ndani yake hata fumbo moja, hata wimbo wa kubembeleza mtoto. Na sasa, tulipopewa fursa ya kuwasikilizisha wajukuu wao kitu kingine, twataka kuwajia na kamba?

Wengine hutuelekeza Tanzania, wakisema huko watu walilazimishwa. Waende wakaulize. Tanzania viboko vya shuleni havijaisha, hatuifichi aibu hiyo. Lakini Kiswahili huko kilienea kwa mikutano ya hadhara, magazeti, kisomo cha watu wazima, ngoma, dansi na taarabu, na tangu mwaka 1967 kwa kufundishia masomo yote ya shule ya msingi. Mtu alikihitaji ili apate habari na ili acheke na wenzake. Na kama wenzetu wanataka kukiona kibao katika Tanzania, kipo: kiko katika baadhi ya shule za kulipia za Kiingereza, ambako mtoto mzaliwa wa Dar es Salaam huadhibiwa kwa kusema Kiswahili. Wazazi wengi wa huko, kabla ya shule hizo kuongezeka, waliwaleta watoto wao hapa Uganda wafunzwe Kiingereza. Huenda kibao walirudi nacho katika sanduku.

Iko ndugu ndogo ya kibao ambayo nayo lazima tuitaje, ingawa itawaudhi baadhi ya wasomaji. Ni kalamu nyekundu. Mtoto wa Kikongo anapoandika "batoto" badala ya "watoto," au anaposema "niko nafanya," wako miongoni mwetu wanaomsomea kwa sauti mbele ya darasa ili wenzake wacheke. Wanaita kulinda usanifu. Lakini mtoto huyo ndiye pekee katika darasa lile anayeota ndoto kwa Kiswahili! Wengine wote, pamoja na mwalimu mara nyingi, wamekijua kwa vitabu. Usanifu tunaufundisha, ndiyo kazi yetu, wala hatuwezi kumpeleka mtoto katika mtihani na "batoto." Aelezwe kuwa hivyo ndivyo wasemavyo Bukavu, na hivi ndivyo waandikavyo katika mtihani, aulizwe nyumbani kwao huitaje mihogo na kumbikumbi, wenzake waandike. Mtoto aliyechekwa kwa Kiswahili chake mbele ya mwalimu wa Kiswahili hana tena mahali pa kukipeleka.

Kwa hiyo tunatoa hoja rasmi mbele ya mkutano mkuu ujao wa chama chetu. Tawi lolote lisianzishe siku ya Kiswahili yenye adhabu, na mwanachama anayetumia kibao, kwa lugha yoyote na chini ya jina lolote, aulizwe na tawi lake. Pili, chama kiwaombe wakuu wa shule za Nakivale majina ya walimu wa Kikongo walio tayari kusaidia, na matawi ya Mbarara na Isingiro yaanze nao, hata kama ni kwa madarasa ya Jumamosi chini ya mti.

Na kwa kuwa kumbukumbu za waliofaulu tumezisikia za kutosha, tunawaomba wasomaji watutafutie zile nyingine: za walioacha darasa la nne, za waliofukuzwa kwa karo, za waliokaa kimya miaka saba. Ziandikwe na wenyewe au na atakayewasikiliza, kwa Kiswahili cha pwani, cha bara au cha Kongo, kwa Kinyankole au kwa Kinyarwanda, na zipelekwe kwa katibu wa tawi kabla ya muhula wa pili kufungwa. Majina ya watu na ya shule yaondolewe. Makosa ya chapa tutayasahihisha. "Batoto" tutawaacha kama walivyo.